Bei ya Kushindwa

Ijumaa ya tarehe 26 Januari 2001, Joseph Kabila aliapishwa Kinshasa kuwa rais wa Kongo akiwa na miaka 29. Siku kumi kabla ya hapo baba yake, Mzee Laurent-Désiré Kabila, alikuwa amepigwa risasi ofisini kwake, na mwili wake ulipitishwa Lubumbashi kabla ya kupelekwa Kinshasa kuzikwa. Kuanzia Bel-Air, katika komini ya Kampemba, hadi Katuba na Kenya, mji ulikuwa na mazungumzo ya aina moja: nani amemuua Mzee, nani sasa mwenye nchi, na vita vya mashariki vitakwisha lini. Habari za ng'ambo hazikuwa na msikilizaji.

Ijumaa hiyohiyo, kilomita zipatazo 1,400 kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, polisi walifyatua risasi kwenye msikiti wa Mwembetanga, mjini Unguja, baada ya sala. Imamu alikuwa miongoni mwa waliouawa. Kesho yake maelfu ya watu waliingia barabarani Unguja na Pemba wakidai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe na tume mpya ya uchaguzi iundwe. Polisi waliwapiga risasi Wete, Micheweni, Chake Chake na mjini Unguja. Shirika la Human Rights Watch, lililochunguza baadaye, lilihesabu waliokufa kuwa 35 au zaidi na majeruhi kuwa zaidi ya 600. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imewapokea Warundi, Wanyarwanda na Wakongo kwenye kambi zake za Kigoma na Kagera, sasa ilikuwa na wakimbizi wa kwake.

Kwa msomaji wa Lubumbashi, Januari ile ya Visiwani ilipita bila kuonekana, nayo ni hasara, kwa sababu kisa cha Zanzibar kinajibu swali ambalo dunia ilikuja kuliuliza kwa sauti kubwa miaka kumi baadaye.

Swali lisilotoa jibu

Tarehe 14 Januari 2011 Zine El Abidine Ben Ali alipanda ndege akaikimbia Tunisia. Chini ya mwezi mmoja kabla ya hapo, Mohamed Bouazizi, kijana muuza matunda wa Sidi Bouzid, alikuwa amejitia moto baada ya kunyang'anywa bidhaa zake. Tarehe 11 Februari Hosni Mubarak akaondoka Misri. Libya, Yemen, Bahrain na Syria zikafuata, kila moja na hatima yake. Ndipo likaibuka swali lililokuwa likizungushwa vyuoni tangu zamani: je, nchi ya Waislamu inaweza kuwa na demokrasia?

Walioishi Lubumbashi, mji ambao wakazi wake wengi ni Wakristo, wana sababu ya kulitilia shaka swali lenyewe. Kabla ya mwaka 1974 wasomi wengi wa Ulaya na Marekani waliuliza vivyo hivyo kuhusu Wakatoliki. Ureno ilikuwa chini ya udikteta, Hispania vilevile, na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini ilitawaliwa na majenerali. Ikaonekana kwamba kanisa lenye Papa na maaskofu haliwezi kuzaa raia wa kupiga kura. Kisha yakaja mapinduzi ya Lisbon ya 25 Aprili 1974. Samuel Huntington alipoandika mwaka 1991 kuhusu wimbi hilo, ilibidi akiri kwamba sehemu kubwa ya nchi zilizogeukia demokrasia zilikuwa za Kikatoliki.

Zanzibar inalimaliza swali kwa njia ya mkato. Zaidi ya asilimia 95 ya wakazi wake ni Waislamu. Amani Abeid Karume wa CCM, chama tawala, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani, walisali kuelekea kibla kimoja. Askari waliopiga risasi walikuwa na Waislamu ndani yao, na waliopigwa walikuwa Waislamu. Dini ikiwa moja pande zote mbili, haiwezi kueleza kwa nini upande mmoja ulidai uchaguzi urudiwe na mwingine ukakataa. Ni lazima kutafuta mahali pengine, na mahali pazuri pa kuanzia ni kuuliza aliyeshindwa uchaguzi Zanzibar alikuwa anapoteza nini.

Kura moja ya Chake Chake

Visiwa hivi vilijifunza mapema kwamba kura chache zinaweza kuamua mambo makubwa. Katika uchaguzi wa Januari 1961, chini ya Waingereza, chama cha ASP kilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilichukuliwa na ASP kwa kura moja. ZPPP ikagawanyika, wajumbe wawili upande mmoja na mmoja upande wa pili, na pande zikawa 11 kwa 11. Serikali haikuweza kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka uleule, na siku ya kupiga kura zikazuka ghasia zilizoua watu 68.

Julai 1963 ASP ilipata karibu asilimia 54 ya kura zote, lakini majimbo yalivyogawanywa yaliipa viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP, zenye viti 18 kwa pamoja, zikaunda serikali, na Uhuru ukapatikana tarehe 10 Desemba 1963. Serikali hiyo ilidumu mwezi mmoja. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 ilipinduliwa.

Kilichofuata ndicho kilichopanga siasa za visiwani kwa nusu karne. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu. Mashamba yalitaifishwa na kugawiwa kwa vipande vya eka tatu, nyumba za Mji Mkongwe zikabadilisha wenyewe, familia nyingi zikakimbilia Oman, Dubai, Mombasa na Dar es Salaam. Uchaguzi wa Zanzibar yenyewe haukuonekana tena hadi mwaka 1980, na huo ulikuwa wa chama kimoja. Kwa wafuasi wa Mapinduzi, kushindwa uchaguzi kukaja kumaanisha kurudi kwa sultani na kunyang'anywa eka tatu zao. Kwa wengi wa Pemba, kisiwa kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu na ambako ZNP na ZPPP zilikuwa na mizizi, kushindwa kulimaanisha kuendelea kuuza karafuu kwa shirika la serikali kwa bei iliyopangwa Unguja, bila sauti. Kila upande uliamini kwamba ukishindwa mara moja umekwisha.

Hofu ya namna hiyo haihitaji dini. Inahitaji kumbukumbu tu, na visiwani kumbukumbu haikukosekana.

Kura 1,565 na kura 3,471

Tanzania iliruhusu vyama vingi Julai 1992, baada ya Tume ya Jaji Francis Nyalali kuzunguka nchi nzima na kukuta kwamba takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walipenda chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi hata hivyo, na Mwalimu Nyerere aliunga mkono. CUF ilizaliwa mwaka huohuo, na sura yake kubwa Zanzibar ilikuwa Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, aliyekuwa Waziri Kiongozi kuanzia 1984 hadi alipoondolewa mwaka 1988, akafukuzwa CCM, kisha akawekwa ndani kuanzia 1989 hadi 1991.

Uchaguzi wa Oktoba 1995 ulimpa Dk. Salmin Amour wa CCM kura 165,271 na Maalim Seif kura 163,706. Tofauti ilikuwa kura 1,565. Katika Baraza la Wawakilishi CCM ilipata viti 26 vya kuchaguliwa na CUF 24, vikiwemo vyote 21 vya Pemba. CUF ilikataa matokeo na kulisusia Baraza. Waangalizi wa kimataifa walionyesha kasoro katika hesabu. Matokeo hayakuguswa.

Aliyeshinda kwa kura 1,565 alichukua kila kitu. Hapakuwa na waziri hata mmoja wa CUF. Iliripotiwa kwamba watumishi wa serikali waliodhaniwa kuwa CUF walifukuzwa kazi, na wafadhili wakasimamisha misaada. Novemba 1997 viongozi na wanachama wa CUF walianza kukamatwa kwa tuhuma za uhaini. Kumi na wanane kati yao walikaa rumande hadi Novemba 2000, mashtaka yakafutwa. Jumuiya ya Madola ilifanikisha makubaliano ya kwanza, Muafaka wa 1999, lakini mengi yaliyokubaliwa hayakutekelezwa kabla ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2000. Siku hiyo vifaa vya kupigia kura vilichelewa au havikufika kabisa katika vituo vya mjini, na tume ikaamuru majimbo 16 yarudie wiki moja baadaye. CUF ilisusia. Amani Karume akatangazwa mshindi kwa asilimia 67. Miezi mitatu baada ya hapo ikaja Januari ya Mwembetanga.

Damu ile iliwatisha wote. Tarehe 10 Oktoba 2001 makatibu wakuu wa vyama viwili, Philip Mangula wa CCM na Maalim Seif wa CUF, walitia saini Muafaka wa pili. Tume ya uchaguzi ikaingiza wajumbe wa upinzani na daftari la kudumu la wapiga kura likaandikwa. Palipobaki tatizo ni kwenye shehia. Ili mtu aandikishwe alihitaji kutambuliwa na sheha, ofisa wa chini kabisa wa serikali. Sheha akisema hamjui, mtu aliyezaliwa mtaani hapo angeweza kukosa kura bila bunduki kuonekana. Uchaguzi wa 2005 ukaisha kwa Karume asilimia 53 na Seif 46, pamoja na malalamiko yaleyale.

Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu ya Zanzibar, wawili wenyewe, bila msuluhishi kutoka nje. Wazanzibari wakaiita safari hiyo Maridhiano. Julai 31, 2010 wananchi waliulizwa katika kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa: chama cha pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri watagawanywa kulingana na viti vya Barazani.

Uchaguzi wa 31 Oktoba 2010 ulikuwa mkali kama ule wa 1995. Dk. Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809 na Maalim Seif 176,338. Tofauti ilikuwa kura 3,471. Wapiga kura walikuwa karibu walewale na vyama vilikuwa vilevile. Dini haikubadilika, na tume bado ilikuwa na lawama zake. Mara hii hapakuwa na mauaji. Maalim Seif aliyakubali matokeo, na siku chache baadaye akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza.

Katika miaka kumi na mitano hiyo, si fatwa wala elimu mpya ya uraia iliyowageuza Wazanzibari. Kilichoshuka ni bei ya kushindwa. Mwaka 1995 aliyeshindwa alitoka mikono mitupu na huenda angeishia rumande. Mwaka 2010 aliyeshindwa aliingia serikalini kwa mlango wa katiba.

Bei hiyohiyo, sokoni kwingine

Ukiitazama Tunisia kwa kipimo hicho, mengi yanaeleweka. Chama cha Ennahda, kilichoshinda uchaguzi wa Oktoba 2011 kwa viti 89 kati ya 217, kilikuwa madarakani mwaka 2013 wakati wanasiasa wawili wa upinzani, Chokri Belaid na Mohamed Brahmi, walipouawa, na mitaa ikajaa watu waliotaka serikali iondoke. Shirikisho la wafanyakazi la UGTT, likiwa na chama cha waajiri, chama cha mawakili na jumuiya ya haki za binadamu, liliwakalisha wakubwa mezani. Januari 2014 katiba ilipitishwa na waziri mkuu wa Ennahda akajiuzulu. Oktoba mwaka uleule Ennahda ilishindwa uchaguzi, ikaingia kwenye serikali ya walioishinda. Mashirika yale manne yaliyosuluhisha yalipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2015. Ennahda iliweza kuachia kwa sababu ilikuwa na hakika ya kubaki hai.

Misri ilifanya kinyume. Mohamed Morsi alishinda Juni 2012 kwa asilimia 51.7, akatawala kana kwamba asilimia 48 waliomkataa hawapo. Tarehe 3 Julai 2013 jeshi lilimwondoa, na tarehe 14 Agosti vikosi vya usalama vikaivunja kambi ya wafuasi wake uwanjani Rabaa al-Adawiya, Cairo, ambako Human Rights Watch ilihesabu vifo visivyopungua 817. Morsi alifia mahakamani Juni 2019. Tangu hapo kila chama Misri kinajua bei.

Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, ilichukua njia ya polepole. Suharto alipoanguka Mei 1998 majenerali hawakupelekwa wote kizimbani. Jeshi na polisi viliachiwa viti 38 vya bure katika bunge lililochaguliwa 1999, kisha vikaondolewa mwaka 2004. Wanaharakati wa Jakarta waliona hilo ni deni kwa waliouawa, na hoja yao ina uzito hadi leo. Majenerali, kwa upande wao, walirudi kambini bila kupindua.

Na Senegal, ambako Waislamu ni zaidi ya asilimia 90, ilionyesha mwaka 2024 kwamba mahakama nayo inaweza kushusha bei. Rais Macky Sall aliahirisha uchaguzi tarehe 3 Februari. Vijana waliingia barabarani, baadhi wakauawa. Tarehe 15 Baraza la Katiba likaufuta uamuzi wake. Sheria ya msamaha ikapitishwa, iliyowafungulia wapinzani na papo hapo kuwakinga askari. Bassirou Diomaye Faye alitoka gerezani Machi 14, na siku kumi baadaye akashinda urais katika duru ya kwanza. Sall akaondoka salama.

Shaba, 1992

Mkazi wa Bel-Air mwenye umri wa kukumbuka miaka ya tisini hahitaji kwenda Dakar kupata mfano. Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990. Wiki tatu hazijatimia, usiku wa Mei 11 kuamkia 12, watu wenye silaha waliingia kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kuwashambulia wanafunzi. Serikali ilikiri kifo kimoja. Wengine walitaja makumi ya vifo, na hesabu haijawahi kukubaliwa na wote. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo.

Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulifunguliwa Agosti 1991, ukaja kuongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo. Serikali ya Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, ilipousimamisha Januari 1992, waumini wa Kinshasa walitoka makanisani tarehe 16 Februari wakiandamana kudai ufunguliwe, na askari wakawapiga risasi. Kanisa lilifanya Kinshasa kazi iliyofanywa na msikiti Unguja miaka tisa baadaye: lilikuwa mahali ambapo chama tawala hakikuweza kuweka mwenyekiti wake, na ambapo watu wangeweza kukusanyika kwa wingi bila kibali. Uamsho, jumuiya ya kidini ya Zanzibar, ilikuja kuchukua nafasi ya namna hiyo mwaka 2012, CUF ilipokuwa serikalini na hoja ya Muungano wa Zanzibar na Tanganyika ikikosa msemaji barabarani. Viongozi wake walikamatwa, na waliachiwa Juni 2021 mashtaka yao yalipofutwa.

Agosti 15, 1992 Mkutano Mkuu ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwana wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz. Kwa Kinshasa hilo lilikuwa zoezi la kura. Kwa Shaba, chama cha UFERI na gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza walilifanya kuwa kushindwa kwa mkoa mzima, na bei ya kushindwa huko wakatozwa majirani. Wakasai waliozaliwa Likasi na Kolwezi, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière, waliitwa wadudu, nyumba zao zikavamiwa, wakafukuzwa kazi Gécamines. Maelfu kwa maelfu walikaa kwenye vituo vya gari moshi wakisubiri mabehewa ya kuwapeleka Kasai ambako wengi hawakuwahi kufika. Lubumbashi yenyewe ilinusurika kwa sehemu, na familia zilizochanganyika katika mitaa kama Bel-Air zilijifunza kunyamaza zikiulizwa asili yao.

Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wakiimba misa moja. Hapo Shaba ya 1992 inakutana na Pemba: milango ya siasa ilifunguliwa bila mtu kupanga aliyeshindwa atakaa wapi, na watu wakarudi kwenye swali la nani mwenyeji na nani mgeni.

Kongo ililijibu swali hilo kwa namna yake mwaka 2019. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018, tume ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57, mbele ya Martin Fayulu. Maaskofu, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000 vituoni, walisema takwimu hizo hazilingani na zao. Mahakama ya Katiba ilithibitisha, na Januari 24 madaraka yakakabidhiwa kwa amani kwa mara ya kwanza tangu Uhuru. Joseph Kabila alibaki na wingi wa bunge na useneta wa maisha. Aliyekuwa akiondoka alihakikishiwa usalama wake mapema. Wapiga kura ndio walioachwa wakiuliza kura zao zimekwenda wapi.

Palipopasuka

Hapo ndipo penye udhaifu wa dawa ya Zanzibar pia. Maridhiano yalipunguza bei kwa anayeshika nafasi ya pili. Hayakupunguza bei kwa chama kilichozoea nafasi ya kwanza. Rais wa Zanzibar bado alikuwa na vikosi vya Serikali ya Mapinduzi (SMZ), ardhi, ajira na masheha, na nyuma yake kulikuwa na Muungano wenye polisi na jeshi.

Oktoba 25, 2015 watu walipiga kura kwa utulivu. Tarehe 26 Maalim Seif alitangaza mbele ya waandishi kwamba hesabu zake zinaonyesha ameshinda. Tarehe 28, matokeo ya majimbo kadhaa yakiwa yameshatangazwa, mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, alisema uchaguzi wote umefutwa. Waangalizi wa kimataifa hawakuwa wameona sababu ya kuufuta. Uchaguzi ulirudiwa Machi 20, 2016, CUF ikasusia, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Siku chache baadaye shirika la Marekani la MCC liliiondolea Tanzania mradi wa dola zaidi ya milioni 472. Serikali ya umoja ikafa kimya.

Ilifufuka Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine uliotanguliwa na mauaji Pemba. Hussein Mwinyi alitangazwa mshindi kwa asilimia 76, na Maalim Seif, sasa wa chama cha ACT-Wazalendo, alikubali tena umakamu huku sehemu ya wafuasi wake wakilalamika. Alifariki Februari 17, 2021 akiwa kazini. Othman Masoud Othman alichukua nafasi yake, kisha akagombea urais Oktoba 2025 dhidi ya rais ambaye yeye alikuwa makamu wake, akashindwa, na ACT ikapinga matokeo.

Mambo mawili yaliachwa nje ya Maridhiano tangu mwanzo. La kwanza ni tume: wanaoiteua ni walewale wanaogombea. La pili ni waliokufa Januari 2001. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilichunguza, ripoti ikatoka, lakini hakuna kamanda aliyesimama kizimbani kujibu kwa Wete au Micheweni. Wakubwa waliposameheana, wazazi wa waliouawa hawakuulizwa.

Kongo nayo imefungua kitabu chake upya. Tarehe 23 Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda kamati ya kuandika katiba mpya. Mabishano mengi yaliyofuata yamehusu kifungu cha 220, kinachokataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais. Lubumbashi ina sababu ya kuongeza hoja nyingine mezani. Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, alitangazwa wa pili Desemba 2023 kwa asilimia 18 dhidi ya 73 za Tshisekedi, na hakuna kifungu kinachompa wa pili nafasi serikalini, huku vifungu vya kulinda chama chake na vya kusema nani, asiyekuwa na mgombea, ataihesabu kura ijayo vikihitaji nguvu zaidi. Wakiandika vifungu hivyo, waandishi wa katiba wana kumbukumbu za Zanzibar za miaka thelathini za kusoma, katika lugha wanayoielewa, pamoja na mwaka 2015 unaoonyesha mahali pa kuweka nondo zaidi.